Pikapu ya darajani: '59, JB, Super Distortion au EMG 81?

Ukisema unatafuta pikapu, mtaani utaulizwa kama unataka Hilux. Mimi nazungumzia ile nyingine, sumaku iliyozungushiwa waya inayokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Na katika hizo nazungumzia hambaka tu, yenye koili mbili, tena ile ya darajani, iliyo karibu na pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, kwa sababu ndiyo wapigaji wengi huanza kuibadilisha na ndiyo wanayoikosea zaidi.

Napiga solo kwenye bendi ya harusi na kumbi hapa Dar es Salaam. Gitaa langu ni nakala ya Les Paul ya kampuni ya Gibson nililonunua mkononi, na kwa miaka kadhaa limepitiwa na pikapu tatu kati ya nne ninazozilinganisha hapa: '59 na JB za kampuni ya Seymour Duncan, na Super Distortion ya DiMarzio. Ya nne, EMG, nimeipiga kwenye gitaa la kuazima. Nimezipiga kwenye sebene, kwenye gospel yenye mlio wa kukwaruza, na kwenye zile za zilipendwa ambazo mzee wa meza ya mbele huja kuziomba na noti ya elfu kumi mkononi. Nasema mapema ili ujue sikio langu limezoea nini. Ukipiga metali chumbani kwako peke yako, baadhi ya hukumu zangu zigeuze.

Kwanza bisibisi

Kabla hujaagiza chochote, bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, kisha pima nafasi iliyopo kati ya uzi na kichwa cha skrubu ya pikapu. Kipimo cha Gibson ni milimita 1.6 hivi darajani na 2.4 shingoni. Magitaa ya bei nafuu yanayopita mikononi mwangu mara nyingi pikapu imepandishwa hadi inakaribia kugusa uzi, mwenyewe akiamini kwamba ikisogea ndiyo inapata nguvu. Nguvu inapatikana kweli. Lakini nyuzi nene zinavuma na kuzifunika nyembamba, na sumaku inauvuta uzi mpaka noti inayumba hata kama umetyuni vizuri. Kijana mmoja wa kwaya aliniletea gitaa na pesa ya pikapu mpya. Nikashusha ya zamani mizunguko miwili, akapiga, akacheka, akaondoka na pesa yake.

Poti nazo ziangalie. Hambaka za kawaida huenda na poti za volyumu na toni za kilo-omu 500. Ukikuta umefungiwa za 250, ambazo ni za pikapu za koili moja, mlio utakuwa kama mtu anayeongea huku amejifunika kanga mdomoni, na utailaumu pikapu bure. Kebo pia ina dhambi zake: kila mita inakula kidogo sauti za juu, na ile ndefu ya mita kumi ya bei ya kutupa inakula nyingi.

Kisha jua ulichonacho sasa. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua volyumu yote, weka swichi darajani, halafu ule upande mwingine wa kebo uguse kwa multimita: ncha moja kwenye ncha ya jeki, nyingine kwenye shina lake. Mita ikiwa kwenye kilo-omu 20, utasoma ukinzani wa pikapu bila kufungua skrubu hata moja. Namba itapungua kidogo tu kwa sababu poti ya volyumu imekaa sambamba na pikapu. Yenye kilo-omu 8 itasoma 7.9 hivi.

Namba ya ukinzani si nguvu

Wauzaji wanapenda kuitangaza hiyo namba kana kwamba ni pawa ya injini. Sivyo. Waya mwembamba husoma ukinzani mkubwa hata kama mizunguko ni ileile, na sumaku haionekani kabisa kwenye mita. Ndiyo maana Super Distortion, ambayo ni ngumi, inasoma pungufu ya JB. Tumia namba hiyo kutambua pikapu na kugundua bandia. Kuchagulia mlio haifai.

Kinachoamua mlio ni mambo matatu yakiwa pamoja: mizunguko ya waya, aina ya sumaku, na kitu unachochomekea gitaa. Mizunguko ikizidi, nguvu inapanda, sauti za kati zinanenepa na za juu zinapungua. Sumaku za alnico ni mchanganyiko wa chuma, aluminiamu, nikeli na kobalti: namba 2 ni laini, namba 5 ina nguvu zaidi na besi iliyokaza. Seramiki ina nguvu kuliko hizo na makali yake yanatangulia. Hilo la tatu, unapochomeka, ndilo watu hawalijadili, nami nitalirudia.

| | Sumaku | Kilo-omu | Betri |
|---|---|---|---|
| Seymour Duncan '59 (SH-1) | alnico 5 | 8 hivi | hapana |
| Seymour Duncan JB (SH-4) | alnico 5 | 16 na ushee | hapana |
| DiMarzio Super Distortion (DP100) | seramiki | 13.7 hivi | hapana |
| EMG 81 | seramiki | haipimwi hivyo | volti 9 |

Kwa bei hazipishani sana. Mpya, dukani Marekani, kila moja inazunguka dola mia, juu kidogo au chini kidogo. Mzigo wenyewe ni mdogo kuliko pakiti ya sigara, kwa hiyo ndugu anayerudi likizo ndiye msafirishaji bora kuliko wote.

'59: anayesema alichosikia

Hambaka yenyewe ilitokana na kero. Koili moja ni antena ya mngurumo wa umeme, na Seth Lover, fundi wa Gibson, akaamua kuweka koili mbili zilizogeuziana, kwa waya na kwa ncha za sumaku. Mngurumo unaingia kote kuwili ukiwa kinyume na unajifuta. Mlio wa uzi unaingia ukiwa upande mmoja na unajumlishwa. Hataza iliombwa 1955 na ikatoka 1959. Katikati ya hapo pikapu zilibandikwa kikaratasi cha kusema hataza imeombwa, kwa Kiingereza herufi zake ni PAF, na Les Paul zenye kikaratasi hicho, zilizoanza 1957, mpaka leo zinauzwa bei ya nyumba kwa ajili yake. Kwetu umeme ni wa hezi 50, ambayo iko karibu sana na noti ya sol, freti ya tatu ya uzi mnene wa besi. Nyimbo za ufunguo wa sol zina bahati: mngurumo unaimba nazo.

'59 inaiga zile za zamani. Sauti za kati zimerudi nyuma kidogo, za juu ziko wazi, besi haisukumi. Ukiipiga kwa mara ya kwanza baada ya pikapu yenye ngumi utadhani gitaa limeharibika, maana sauti imepungua. Ongeza volyumu ya amplifaya ndipo uisikilize. Kila kosa la mkono wa kulia linasikika, na kila ufundi pia.

Kwenye sebene hii ndiyo faida yake. Bendi ya magitaa matatu, besi, ngoma, kinanda na waimbaji wanne haina nafasi kwenye sauti za kati. Hapo wanakaa waimbaji na mpiga ridhimu. Solo anaishi juu, kwenye ncha ya noti, ule mdonoo wa mwanzo wa uzi kabla haujaanza kulia. Pikapu yenye mizunguko mingi inaulainisha mdonoo huo, kama kisu kilichopoteza makali. Unaanza kupandisha volyumu ili usikike, mwenzako wa ridhimu naye anapandisha, na nusu saa baadaye fundi mitambo ameshika kichwa.

Udhaifu wake uko kwenye kukatwa koili. Ukiifunga swichi ya kuzima koili moja, unabaki na kilo-omu 4, na hicho ni kijimlio chembamba cha kuokoteza. Ukiagiza, hakikisha ni yenye nyaya nne, kwani inauzwa pia yenye waya mmoja uliosukiwa chuma, na hiyo huwezi kuichezea chochote.

JB: sauti ya puani yenye wapenzi wake

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Seymour Duncan akiwa London alimtengenezea mpiga gitaa Jeff Beck gitaa lenye hambaka mbili alizozizungusha mwenyewe. JB ilitokana na moja ya hizo. Mwaka 1976 yeye na Cathy Carter Duncan wakaanzisha kampuni Santa Barbara, California, na JB imekuwa ndiyo inayouzwa kama soda.

Ina nguvu, na ina nundu kwenye sauti za kati za juu. Nundu hiyo ndiyo inayoifanya solo ya roki itoboe, na ndiyo hiyohiyo inayofanya mlio safi utokee puani. Nilikaa nayo karibu mwaka. Kwenye nyimbo za kukwaruza nilikuwa mfalme. Ikija rumba ya taratibu, mwimbaji wetu ananigeukia na kukunja uso. "Kaka, hilo gitaa lina mafua?" Hakuwa anatania.

Tiba yake ziko mbili. Ya kwanza wanaijua wengi: ifungie poti ya volyumu ya 250 badala ya 500, makali yanashuka. Ya pili ndiyo niliyoipenda, nayo ni kuunganisha koili zake sambamba badala ya mfululizo, kwa poti ya kuvuta. Ukinzani unashuka hadi kama kilo-omu 4, nguvu inapungua sana, mlio unafunguka na kung'aa, na mngurumo bado unafutwa kwa sababu koili zote mbili zinafanya kazi. Kuvuta kipini kimoja tu unatoka kwenye gospel na kuingia kwenye sebene. Ikiwa bendi yako inachanganya yote kama ilivyo kwenye harusi nyingi, JB yenye swichi hiyo inakupa magitaa mawili kwa bei ya moja. Mimi niliiacha kwa sababu moja ya kibinafsi: nikiwa na jasho, katikati ya wimbo, nilikuwa navuta kipini cha toni badala ya volyumu.

Super Distortion: jibu la swali la 1972

Hii haina maneno mengi. Larry DiMarzio aliitoa 1972, wakati ambapo kununua pikapu peke yake ili uibadilishe ya kiwandani lilikuwa wazo geni. Amplifaya za valvu za wakati huo zilihitaji kusukumwa ndipo zikwaruze, na seramiki yake ilizisukuma. Ace Frehley wa KISS aliitumia, Al Di Meola pia. Nene, imejaa katikati, makali yake ya juu yamelainika. Ukikata koili moja inabaki na karibu kilo-omu 7, hivyo inakatika vizuri kuliko '59, jambo ambalo watu hawalitegemei.

Kwa mlio safi inachosha. Inaingia kwenye amplifaya kwa nguvu mpaka ile hatua ya kwanza inapasuka, na ukishusha volyumu ya gitaa hadi saba ili isipasuke, sauti za juu zinaondoka nayo, isipokuwa ufunge kapasita ndogo kwenye poti ya kuzibakisha. Nunua hii ikiwa unapiga roki na huna pedali nzuri ya kukwaruza. Vinginevyo pedali itakufaa zaidi, maana ina kitufe cha kuzimia.

EMG 81, na kebo inaishia wapi

Sasa nirudi kwenye lile la tatu. Maelezo karibu yote ya pikapu yameandikwa na watu wanaochomeka gitaa kwenye amplifaya ya gitaa. Huku kwetu, mara ngapi umefika ukumbini ukakuta hakuna amplifaya ya gitaa? Unapewa kebo, unaambiwa chomeka kwenye miksa. Kanisani ndiyo kabisa.

Pikapu ya kawaida inataka kuingia mahali penye ukinzani wa megaomu 1 hivi. Tundu la laini la miksa nyingi lina kilo-omu 10 au 20. Ni kama kumpa mtoto mchanga abebe gunia: mkondo wa pikapu ni mdogo, miksa inaunywa, na kinachonyweka kwanza ni sauti za juu. '59, JB, Super Distortion, zote zikifika hapo zinafanana, zote zinakuwa matope. Nimesikia mtu akibadilisha pikapu mara mbili kwa ajili ya matope hayo, wakati tatizo lilikuwa mwisho wa kebo.

EMG 81 ina kifaa kidogo cha kukuza ndani yake, kinachotumia betri ya volti 9, na inatoka ikiwa na ukinzani wa kilo-omu 10 tu. Miksa haiisumbui kama inavyozisumbua zile nyingine, kebo ndefu haiisumbui kabisa. Kampuni yake ilianzishwa na Rob Turner kule Long Beach, California, mwaka 1976, na jina la 81 lilibebwa na watu wa metali, James Hetfield na Kirk Hammett wa Metallica na Zakk Wylde. Kwa hiyo ukiisoma kwenye mtandao utadhani ni ya kelele tu. Mimi niliipiga ukumbini moja kwa moja kwenye miksa, mlio safi, kukiwa na mwangwi kidogo, na kwa mara ya kwanza mwezi huo nilisikia kila noti niliyoipiga.

Kuna jambo la pili ambalo kwa kumbi zetu si dogo. Kwenye gitaa la kawaida nyuzi zimeunganishwa na ethi kupitia waya wa darajani. Ukumbi ukiwa na nyaya mbovu, mkono uko kwenye nyuzi na mdomo unagusa maikrofoni, unapigwa shoti ya mdomo ambayo hutaisahau. EMG haihitaji waya huo wa darajani, na maelekezo yao yanasema uutoe. Mpiga gitaa anayeimba vibwagizo aelewe hapo.

Lakini nayo ina gharama zake. Mdonoo wa uzi unabanwa kidogo, kila noti inatoka na urefu uleule kama askari kwenye gwaride. Mimi nikipiga rumba nataka noti nyingine zichutame. Kuongeza betri ya pili ili iwe volti 18 kunaipa pumzi, na pikapu inaruhusu, ila pa kuiweka kwenye gitaa ni kazi. Poti zote zibadilishwe ziwe za kilo-omu 25, jeki iwe ya stirio ndiyo inayowasha betri ukichomeka kebo, na ni vizuri pikapu zote mbili ziwe za namna hiyo, maana kuchanganya ya betri na isiyo ya betri kunaleta mvurugano kwenye poti. Mpya huja na vifaa hivyo na viunganishi vya kuchomeka tu, bila kulehemu.

Na betri. Inakaa sana, ukichomoa kebo. Lile gitaa nililoazima nililiweka pembeni mwezi wa Ramadhani, harusi hakuna, kebo nikaiacha ndani. Betri ilikuwa ya bei rahisi tangu mwanzo. Idi pili, ukumbi umejaa, napiga utangulizi: sauti inakatikakatika kama redio iliyopoteza stesheni. Mpiga ridhimu akaubeba wimbo mzima huku mimi nahangaika na bisibisi nyuma ya spika.

Kama hutaki betri, basi beba kitu cha kukaa katikati. DI boksi, kile kiboksi cha kupitishia gitaa kabla ya miksa, ikiwa na umeme wake inatosha. Pedali nyingi za Boss nazo zina bafa ndani, kisakiti cha kuilinda sauti ya pikapu isinywewe, kinachofanya kazi hata zikiwa zimezimwa. Pedali yangu ya zamani ya korasi, ile ya bluu, nimeifunga mwanzo wa kebo na inanifanyia kazi hiyo usiku kucha bila kuikanyaga.

Kufunga bila majuto

Nafasi kati ya skrubu za pikapu haziko sawa. Za kawaida zina milimita 49 hivi kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita. Za magitaa yenye daraja la kuyumba au mtindo wa Fender zina 51 hadi 53. DiMarzio huziita F-spaced, Duncan huziita Trembucker na kuziandika TB badala ya SH. Pima nyuzi zako hapo juu ya pikapu kwa rula. Tofauti ya milimita moja sikio haliisikii. Macho ndiyo yanayolalamika.

Rangi za nyaya ndizo zinazoua. Kwa Duncan, mweusi ndio moto, kijani na ule uliovuliwa huenda ethi, mwekundu na mweupe huunganishwa pamoja na kufungwa tepu. Kwa DiMarzio, mwekundu ndio moto, kijani na uliovuliwa ethi, mweusi na mweupe huunganishwa. Fundi aliyezoea Duncan akiifunga DiMarzio kwa mazoea, koili moja inageuka: nyuzi zinafutana, mngurumo unajumlishwa. Pikapu inafanya kinyume kabisa cha kazi aliyoikusudia Seth Lover. Ilishanitokea, na nilisafiri na gitaa hilo hadi Morogoro nikidhani Super Distortion ndivyo inavyolia.

Pia pikapu mbili za kampuni tofauti zinaweza kupingana zenyewe. Swichi ikiwa katikati, mlio unakuwa mwembamba na mtupu kama debe. Kabla ya kulehemu, jaribu hivi. Weka multimita kwenye nyaya za pikapu ya kwanza, ule wa moto kwenye ncha nyekundu. Laza bisibisi ya chuma juu ya vichwa vya skrubu, kisha iinue ghafla huku ukiangalia namba. Kwa sekunde moja itaruka, ama juu ama chini, ndipo irudi. Fanya vivyo hivyo kwa ya pili. Zikiruka upande mmoja, ni marafiki. Moja ikiruka juu na nyingine chini, badilishana nyaya za mojawapo, moto uende ethi na ethi iende moto, ila ule uliovuliwa uache ethini siku zote.

Kuhusu bandia: muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniuzia JB ndani ya kiboksi kizuri kabisa, maandishi ya dhahabu, kijitabu na stika. Mita ikasoma 7.8. Nikaigonga kidogo kwa bisibisi huku imeunganishwa kwenye amplifaya, ikasikika "to!" kama maikrofoni, maana haikuchovywa nta ndani. Isiyo na nta hupiga mluzi ukisogelea spika. Kusema kweli, kuna pikapu halali za kuiga za 1957 zisizo na nta kwa makusudi, lakini JB si mojawapo. Kama mfuko ni mdogo, heri ununue Tonerider yenye jina lake mwenyewe kuliko Duncan ya jina la kuiba. Alnico IV Classics zao nimezisikia kwenye gitaa la rafiki, na mlio safi zinautoa vizuri.

Ningekuchagulia hivi

Unapiga solo au mi-solo (lile gitaa la kati ya solo na ridhimu) kwenye dansi na rumba, una amplifaya au DI: '59, bila kufikiri mara mbili. Bendi yako inapiga kila kitu kuanzia mchana wa send-off hadi usiku wa manane: JB yenye poti ya kuvuta, koili sambamba. Unachomeka kwenye miksa kila Jumapili na hutaki kubeba chochote zaidi ya gitaa: EMG, ila kwa mlio safi peke yake ningekupeleka kwa nduguye EMG 85, yenye alnico, kwa kuwa ni mnene na mpole zaidi. Unapiga roki na unajua unachotaka: Super Distortion, na hukuhitaji kunisoma hadi hapa.

Mpiga ridhimu yeye asibadilishe kitu. Aniazime tu pesa.

Langu sasa lina '59 darajani na Jazz ya Duncan shingoni, na sebene nyingi nazipiga swichi ikiwa katikati, zote mbili zikiwa wazi. Ya zamani ya kiwandani niliifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaandika rangi za nyaya kwa kalamu, iko chini ya kasha. Na kila baada ya kubadilisha nyuzi bado natoa bisibisi: robo mzunguko chini upande wa nyuzi nene, robo juu upande wa nyembamba, nasikiliza, narudisha nusu ya nilichokifanya.